Mkono wa Kushoto wa Mzee Mahmud

Majengo, Pumwani
Nairobi
9 Januari 1954

Kwa mpwa wangu Saad, uliyeko Mombasa.

Mimi Abdurahim bin Feruzi nina miaka sabini na miwili, na kama huamini muulize aliyenizaa, ila yeye nimekwisha mzika. Nimezika na wengine. Nimezika wake wawili, nimemzika mama yako Kibibi aliyekuwa mdogo wangu wa mwisho. Tauni ilipita Nairobi ikaniacha. Homa ya baada ya vita vya kwanza ilipita ikaniacha. Nzige walikula kila kitu wakanibakisha mimi. Mabwana wakubwa wa stesheni nimewaona watano, wote walikuja na kofia mpya wakaondoka wameshika viuno. Mji huu nilikuja nao pamoja na reli, hapa pakiwa tope na vyura, na leo nina nyumba yangu mwenyewe ya vyumba vinne, siyo ya kupanga. Nakueleza haya ili ujue aliyekujibu ni nani, usije ukaniandikia tena barua kama ile.

Sisi hatujambo. Dada yako Lela hajambo, anapika vizuri kuliko mama yenu, Mungu amrehemu, na anajibu watu vibaya kuliko mama yenu. Bati la uani linavuja. Rafiki yangu Magan, yule Msomali mwenye duka Islii, anakusalimu. Mbuzi wake wamepanda bei na yeye amepanda kichwa.

Sasa hiyo barua yako. Lela alinisomea, nikamwambia hujui kusoma, lete hapa, nikaisoma mwenyewe herufi moja moja. Ikawa ni ile ile. Unasema mzee Mahmud, mwuza vitambaa wa Kaloleni ya hapa Nairobi, amekubali posa yako kwa binti yake Waridi. Vyema. Unasema mahari mmepatana. Vyema sana. Halafu unasema kilemba chake yeye baba mtu, ile zawadi anayopewa mzazi wa bibi arusi apate kufurahi, kiwe saa ya mkono ya dhahabu. Na ili ipatikane hiyo saa, mimi niuze zile bangili sita za mama yako.

Saad, bangili zile alinitilia mkononi mwenyewe, pumzi imekwisha, akasema, Kaka, hizi za watoto. Hakusema za mkono wa Mahmud.

Na huyo Mahmud si anaswali safu ya kwanza, amemganda imamu mgongoni? Mwanamume havai dhahabu. Hilo analijua hata mtoto wa chuo cha Qurani anayejikojolea. Au yeye ameteremshiwa ruhusa peke yake, Kaloleni?

Mimi saa ninayo. Unaijua. Saa ya mfukoni ya chuma, niliyopewa na bwana wa stesheni siku niliyostaafu, mbele ya watu wote, ina namba ya reli mgongoni. Haijasimama hata siku moja. Majengo nzima wananiuliza mimi, hata mwadhini, ingawa yeye hujifanya amekuja kunisalimu.

Niambie jambo moja tu. Hiyo saa ya dhahabu Mahmud aliitaja lini, na kwa maneno gani?

Ni mimi mjomba wako,
Abdurahim bin Feruzi


Mombasa
24 Januari 1954

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema, wewe na Lela na majirani wote. Mimi ni mzima na kazi ya forodhani inaendelea vizuri. Karani mkuu amenipa meza iliyo karibu na dirisha. Nimesikitika kusikia habari ya bati.

Mjomba, nimeyasoma maneno yako yote kwa adabu. Lakini naomba ufikiri kwamba zamani si sasa. Mzee Mahmud ni mtu wa heshima, na wanaokuja kumposea binti yake si mimi peke yangu. Wahenga walisema mkono mtupu haurambwi. Saa ninayoikusudia ni kazi ya Uswisi, haishiki kutu, na mtu akiitunza hurithiwa na wajukuu. Hapa Mombasa wakubwa wote wanazo, na ukikaa nao wanaangalia mkono kabla ya kuangalia uso. Kwa hiyo si gharama, ni sawa na kuweka akiba.

Kuhusu kuvaa au kutovaa, hilo ni baina yake na Mola wake. Sisi wajibu wetu ni kutoa.

Neno limekwisha kutoka, Mjomba, nalo likitoka halirudi. Naomba uziuze bangili mapema, kabla ya Ramadhani.

Nisalimie Lela. Mwambie nitamletea kanga.

Mwanao mtiifu,
Saad


Majengo, Pumwani
Nairobi
21 Februari 1954

Kwa Saad wa dirishani.

Salamu nyingi. Hatujambo. Bati nimeliziba mwenyewe kwa lami, nilipanda juu na miaka yangu sabini na miwili huku vijana wa mtaa huu wamesimama chini wananitazama kama sinema. Lela amesema kanga atasadiki akishaivaa.

Nilikuuliza neno moja ukanijibu maneno mia, na lile moja halimo.

Lakini mimi si mtu wa kukataa jambo bila kulijua. Nimekwenda mjini kuitazama hiyo saa. Nilivaa kanzu ya Idi na koti, nikamchukua Magan, tukaingia duka moja kubwa la saa ambalo silitaji. Kijana wa dukani akaniuliza nimetumwa na bwana gani. Nikamwambia, "Nimetumwa na mpwa wangu, hana akili." Akaniletea.

Imelazwa juu ya mahameli kama maiti ya tajiri. Nikaiweka sikioni. Inanong'ona, kama mwanamke anayemteta mumewe naye yuko chumba cha pili. Nikatoa yangu ya reli, nayo inagonga kama fundi viatu. Nikaziweka pamoja juu ya meza. Ile ya dhahabu ikasema saa nne na robo. Ya chuma ikasema saa nne na robo. Nikamwuliza yule kijana, "Sasa hii dhahabu imesema nini ambacho chuma hakikusema?" Akasema, "Mzee, hiyo si ya kujua saa, ni ya kuonekana." Nikamwambia mimi miaka yote hii naonekana bila msaada.

Bei yake sitaiandika, nisije nikawa nimeitukuza. Jua tu kwamba vyumba vyangu vyote vikilipa kodi mpaka Lela awe bibi, ndiyo tutaikaribia.

Tukatoka hapo tukaenda kwa sonara kule Bazaa. Nikamwonyesha bangili moja tu ya mama yako. Akaikwaruza kwenye jiwe lake, akaidondoshea dawa, akasema ni dhahabu juu mpaka ndani, uuze leo, uuze mwakani, dhahabu. Nikamwuliza habari ya zile saa. Akafungua mtoto wa meza akatoa gamba la saa aliloletewa kuyeyusha. Saad, ni jepesi kama gamba la yai. Vilivyomo ndani vyote ni chuma na vigurudumu. Akasema mwenye nalo alilinunua kwa bei ya ng'ombe akaliuza kwa bei ya kuku.

Hiyo ndiyo akiba yako. Unachukua dhahabu tupu unabadilisha na chuma kilichovalishwa kanzu ya dhahabu. Mkono mtupu haurambwi, kweli, lakini na mkono wa chuma ukiuramba utaumia meno.

Magan anasema kwao mkwe hupewa ngamia, na ngamia ukimwuliza saa hajibu lakini hutoa maziwa.

Nasubiri jibu la lile neno moja.

Mjomba wako


Mombasa
14 Machi 1954

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na natumaini nanyi ni wazima.

Sikupenda tufike huku, lakini umenifikisha. Nimekwenda kwa kadhi kuuliza. Mama aliacha mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja, na sheria unaijua: wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Bangili ni sita. Nne ni zangu, mbili ni za Lela. Wewe umewekewa amana tu, na amana mwenyewe akiitaka hupewa.

Za Lela usiziguse. Zangu nne nakuagiza uziuze.

Msalimie Lela.

Saad


Majengo, Pumwani
Nairobi
11 Aprili 1954

Kwa Saad wa kadhi.

Hatujambo sote. Mvua zimeanza, lami yangu imeshika vizuri, na wale vijana waliokuwa wakinitazama mabati yao yanavuja.

Nimesoma hukumu yako. Nne zako, mbili za Lela, sheria ni sheria, mimi sibishani na Qurani. Nimemwambia Lela. Alikuwa anazivaa zote sita kila Idi, tangu mama yenu alipofariki, halafu ananirudishia. Aliziweka juu ya kitanda akazitenga, nne huku, mbili huku. Kisha akasema, "Muuzie tu, Mjomba. Atakayeshinda anauwaza mkono wa mtu mwingine ni yeye, si mimi."

Lakini kabla ya kuuza nilikwenda Kaloleni kumwona huyo mkwe wa dhahabu. Wewe ulinikataza kwa kunyamaza, mimi sikukatazika.

Nilimkuta dukani kwake karibu na ule ukumbi wa mikutano, anapima kitambaa cha marekani. Na kitu cha kwanza nilichokiona, Wallahi, ni kanzu. Mkono wa kulia umefika hapa penye kifundo. Mkono wa kushoto umeishia katikati. Amekwenda kwa fundi akaukata. Saa bado iko kwenye mahameli mjini, yeye amekwisha ifungulia mlango.

Nikamwambia, "Mahmud, mkono mmoja umekua au kanzu imeliwa na panya?"

Akacheka kidogo, akautia mkono chini ya meza. Akasema, "Karibu mkwe, keti."

Nikasema, "Siketi. Nimekuja kumtazama mwanamume anayeomba dhahabu kama mwari. Ukishapewa saa, utataka na hereni?"

Hapo akaacha kucheka. Aliweka mkasi chini taratibu. Akasema, "Mzee Abdurahim, nisikilize. Mimi sikuomba kitu. Mwanao alikaa kwenye kiti hicho hicho, watu wamejaa dukani, akasema mwenyewe, 'Mjomba wangu atakuvisha saa ya dhahabu.' Watu wakasikia. Wakaenda wakasema. Sasa kila anayeingia kununua uzi anautazama mkono wangu. Unataka niseme nini, kwamba nimedanganywa? Na binti yangu je?"

Nikamwuliza, "Kwa nini aseme 'mjomba wangu'?"

Akasema, "Kwa sababu alikusikia. Anasema kwenye matanga ya mama yake uliwaambia watu wa Mombasa kwamba Nairobi una mali hujui uiweke wapi, na kwamba mtu wa kiasi chako hatoi zawadi ya chuma."

Sasa hayo, Saad, mimi sikuyasema hivyo. Watu wa Mombasa wanasikia kwa pua. Na kama niliyasema, mtu aliyefiwa na dadake husema chochote, hawekewi kwenye mizani. Usiyatie katika barua.

Basi neno nililolitafuta kwako tangu Januari nimelipata Kaloleni, dukani, kwa mwuza vitambaa. Uliyeitaja saa ni wewe.

Bangili zipo. Sijauza.

Mjomba wako


Mombasa
6 Juni 1954

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na Idi njema. Mimi ni mzima lakini sina raha. Barua yako ya Aprili imenifikia juzi tu, imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi. Nilikuandikia mara mbili katikati, sijui kama ulipata. Tunasikia habari za Nairobi, kwamba askari walizungushia mitaa waya na kuwapakia watu kwenye malori. Kila treni inapofika nakwenda stesheni kuuliza watu wa Pumwani. Wananiambia hawajui, au wanatazama chini. Niandikie hata mstari mmoja, useme wewe na Lela mko wapi.

Ni kweli. Nililisema mimi. Siku ile dukani kulikuwa na mshenga wa watu wengine, watu wenye malori mawili, amekaa amekunja miguu kama aliyekwisha kubaliwa. Akaniuliza, "Na wewe kijana, umekuja na nini?" Waridi alikuwa nyuma ya pazia, niliiona miguu yake. Sikuweza kunyamaza, Mjomba. Nilitafuta jambo kubwa la kusema, na kubwa nililokuwa nalo ni wewe.

Sasa Mzee Mahmud ameniletea habari kwamba nikah iwe mwezi huu, hataki kungoja, mji haueleweki. Na mimi sipewi ruhusa kazini, wala kibali cha kuja huko hakipatikani. Kwa hiyo nakufanya wewe kuwa wakili wangu. Uniolee. Karatasi ya kadhi iko ndani ya bahasha hii.

Ninakuomba jambo moja. Umvishe mzee dhahabu mkononi kama nilivyosema, mbele ya mashahidi, ili asichekwe na watu, na Waridi asichekwe. Uza bangili zangu nne, na upungufu nitautafuta. Usinifedheheshe.

Mwanao,
Saad


Majengo, Pumwani
Nairobi
20 Juni 1954

Kwa Saad, ambaye sasa ni mume wa mtu.

Tuko hai. Lela yuko hai. Nyumba ipo. Zile siku za askari tulitolewa sote nje alfajiri tukachutamishwa uwanjani mpaka jua la utosi. Mzungu mmoja kijana, masharubu hayajamaliza kuota, aliuona mnyororo kifuani kwangu akauliza nimeiba wapi. Nikaitoa saa, nikamgeuzia mgongo wake. Akasoma namba ya reli, akanitazama, akaniambia niende. Ingekuwa ya dhahabu hiyo, leo ungekuwa unaliandikia kaburi. Haya, endelea kuniambia habari za Uswisi.

Chumba cha tatu ni kitupu. Yule seremala mpangaji wangu alipandishwa lori, na mkewe amekwenda kwao. Vifaa vyake nimevifungia ndani. Zaidi ya hapo siandiki, barua zina wasomaji wengi siku hizi.

Sasa nikuhadithie arusi yako, maana hukuwepo.

Ilikuwa juzi Ijumaa baada ya alasiri, nyumbani kwa Mahmud. Shehe alikaa kati, mimi wakili wako kulia kwake, Mahmud mbele yangu, amevaa kanzu ile ile ya mkono mmoja. Shahidi wa kwanza Magan. Shahidi wa pili Abdinoor, binamu yake, mtu wa ngozi na samli, haongei lakini anaona. Watu walijaa mpaka barazani. Yule mshenga wa malori alikuwepo, amekaa pale pale mlangoni apate kusikia vizuri.

Kabla ya khutba nikamwambia shehe, "Mimi nimetumwa, na mtumwa hana ila kutii. Mpwa wangu ameagiza nimvishe mzee Mahmud dhahabu mkononi mbele ya mashahidi. Mzee, lete mkono."

Akaunyoosha. Ule wa kushoto. Ulitoka mapema, ulikuwa umejizoeza.

Nikafungua leso yangu juu ya mkeka. Bangili nne.

Mahmud akasema, "Hii nini?"

"Dhahabu."

"Niliambiwa saa."

"Saa ni ganda la dhahabu, ndani chuma," nikamwambia. "Mimi siwezi kumpunja mkwe. Nimekuletea dhahabu yenyewe, juu mpaka ndani. Kama mkono wa mwanamume unavaa dhahabu, utavaa na hizi. Kama hauvai, basi na saa usingeivaa. Mwulize shehe, yuko hapo, kumfuata hakuna nauli."

Shehe akakohoa. Akaanza kutafuta kitu kwenye kitabu chake ambacho nadhani hakikuwepo.

Magan akasema, "Kunja kidole gumba, mzee. Za kike nyembamba, lakini tutakupaka sabuni."

Watu wakaangua kicheko mpaka barazani. Yule mshenga alicheka kuliko wote. Mahmud hakucheka. Mkono bado uko hewani. Jasho likamtoka pembeni mwa kofia. Nilidhani atainuka avunje arusi, na mimi niwe nimekuolea hewa. Nakiri niliogopa, ingawa uso wangu haukuonyesha, muulize yeyote.

Kisha akaniangalia, akasema kwa sauti iliyofika nje, "Shehe, andika. Dhahabu hii ya Saad naipokea."

Akawageukia watu wa barazani, akaendelea.

"Naipokea kwa mkono wa binti yangu. Andika ni mahari yake, juu ya ile tuliyopatana. Mwanamume havai dhahabu, na mimi sikulelewa jalalani."

Huyo ni mtu, Saad. Nilimtegea shimo akalivuka, na akachukua na jembe. Bangili nne za mama yako sasa ni za Waridi, na za Lela mbili ziko palepale. Zote sita ziko mikononi mwa wanawake kama Kibibi alivyoziacha, na hakuna hata moja iliyoyeyushwa. Ahadi yako imetimia mbele ya watu, mwenyewe amekufungua. Mimi nikasema, "Nimekubali kumwolea Saad," kwa sauti ambayo Abdinoor anasema ilisikika mpaka kwenye karakana za reli.

Mkwe wako hakutoka mtupu, alipata kilemba chake na yule mshenga aliacha kucheka. Hayo mengine hayakuhusu.

Waridi atakuja kwa treni pamoja na shangazi yake, vibali wamepata. Mpokee kwa adabu, usimwambie una mali.

Mjomba na wakili wako,
Abdurahim bin Feruzi


Mombasa
25 Julai 1954

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Naandika sisi kwa mara ya kwanza. Waridi amefika salama na anakuamkia. Bangili zinagongana anapokanda unga, na mara mbili nimeinuka mezani nikadhani ni Mama yuko jikoni.

Nilikasirika kwa wiki nzima niliposoma barua yako, sikufichi. Nilitaka kukuandikia maneno mabaya. Waridi ndiye aliyenizuia, kwa kunieleza jambo ulilolipunguza. Alikuwa nyuma ya pazia. Anasema baba yake alipokwisha kuzifanya bangili mahari, mkono wake ulibaki hewani na ile kanzu iliyokatwa, na watu wakaanza kuutazama na kunong'ona. Anasema ndipo ulipoingiza mkono kifuani, ukafungua mnyororo, ukamtilia saa ya reli kiganjani ukamfunga vidole. Ukasema, "Hii haina dhahabu, kwa hiyo halali. Na haijasimama hata siku moja." Anasema baba yake alilia, na wewe ulimwambia akalie nje.

Lela naye ameniandikia. Anasema kila Alhamisi unatembea kwa miguu mpaka Kaloleni, ati kumjulia hali mkwe, na huondoki mpaka ameitia saa ufunguo mbele yako. Anasema usiku unajipapasa kifuani.

Mjomba, ile ndiyo iliyokutoa uwanjani siku ya askari. Nisamehe. Mungu akinijalia nitakununulia nyingine, na hiyo itakuwa nzuri kweli.

Mwanao,
Saad


Majengo, Pumwani
Nairobi
8 Agosti 1954

Kwa Saad.

Salamu zenu zimefika. Hatujambo. Lela ana mdomo mrefu na nimemwambia hivyo.

Usithubutu kuninunulia saa. Ya dhahabu sivai, ya fedha siitaki, na ya chuma nzuri ilikuwa moja tu nayo ina mtu wake. Fedha hiyo muezekee mkeo.

Ile nilimpa kwa sababu ilikuwa nzito, ilikuwa inanitoboa koti. Kifuani najipapasa kwa ajili ya kikohozi. Na Kaloleni nakwenda kwa kuwa yule bwana hajui kutia ufunguo, anaukaza kama kizibo cha chupa ya mafuta, siku moja ataikata kamani, ule utepe wa chuma wa ndani, halafu watu waseme saa ya Abdurahim imesimama. Nimemfundisha mara tatu. Juzi alianza kuelewa, nikamwambia hujaelewa bado, nitarudi Alhamisi.

Ile kanzu ameirudisha kwa fundi akaunga mkono wa kushoto kwa kitambaa cha duka lake mwenyewe. Weupe haufanani. Anaivaa hivyo hivyo safu ya kwanza.

Mwadhini bado anakuja kunisalimu. Namwambia saa kwa kutazama kivuli cha bati langu, naye anaondoka ameridhika.

Kama huko Mombasa yuko mtu atakayesema Mzee Abdurahim alinyang'anywa saa kwenye arusi, au kwamba aliitoa kwa huruma, mwambie mashahidi wapo. Magan yuko dukani kwake Islii, atakuapia na kukuuzia mbuzi. Abdinoor yuko naye, haongei, lakini ukimwuliza atatikisa kichwa. Na mkubwa wao ni Mahmud mwenyewe, Kaloleni, karibu na ukumbi. Aingie tu amwulize saa ngapi. Ataitoa, ataisoma, na ikimpendeza ataonyesha na namba ya mgongoni. Akikosea, kosa si la saa.

Abdurahim bin Feruzi